Nyasi za Mama Fagio

Ukitaka kujua kama Mama Fagio yuko nyumbani, hukuwa na haja ya kubisha hodi. Ulisikiliza tu. Pa, pa, pa. Huo ulikuwa mlio wa nyasi zikipigwa kwenye gogo ili mbegu zidondoke. Alikaa barazani, miguu ameinyoosha, gunia mapajani, akapiga fungu baada ya fungu.

Mbegu zikiisha, mama mkwe wake alizipokea nyasi na kuzichambua. Ndefu huku, fupi kule, mbovu kando. Kisha Mama Fagio alishika fungu, akalizungushia ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gari, akauvuta kwa meno mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hapo ufagio ulikuwa umezaliwa.

Fagio zake zilisifika mtaa mzima. Zilikuwa laini mbele na imara nyuma. Wenye maduka walizitaka. Mafundi cherehani walizitaka. Hata waliokuwa na fagio za plastiki walizificha na kununua za kwake.

"Mkwe wangu," mama mkwe alipenda kusema, "siku ukifa, watu watatembea kwenye vumbi mpaka magotini."

"Mama, na mimi nitakuwa vumbi hilo hilo. Mtanifagia na nini?"

Wakacheka, kazi ikaendelea.

Mumewe aliitwa Dereva. Aliendesha trekta la ushirika wa wakulima. Alilipenda trekta lile kupita kiasi. Alilisalimia asubuhi na kulifuta jioni. Mama mkwe alisema ana wakwe wawili, mmoja anakula ugali na mwingine anakunywa dizeli. Hakuna mtu aliyeweza kulima mistari iliyonyooka kama ya Dereva. Ukisimama chini ya shamba, uliona mistari ikipanda juu kama kamba zilizovutwa.

Nyasi za fagio zilitoka mbugani. Mbuga ilianzia nyuma ya nyumba yao, ikapanda taratibu mpaka kwenye ukingo wa mawe. Mama Fagio alipoolewa, alivuka uzio tu na kuanza kukata. Nyasi zilimfika kifuani, na upepo ukivuma zilisikika kama watu wanaonong'ona.

Mambo yakabadilika kidogo kidogo. Wakulima walilima upande wa chini. Ng'ombe walikaa upande wa kati mwaka mzima, hawakuhama. Kila kiangazi mtu fulani aliwasha moto, na hakuna aliyejua ni nani. Sasa Mama Fagio alilazimika kupanda mpaka karibu na mawe. Huko nako nyasi zilikuwa chache na fupi. Kwa sababu zilikuwa fupi, hakukata tena kwa mundu. Alizing'oa na mizizi yake, apate urefu wa ziada.

Siku moja sokoni, fundi cherehani aliinua ufagio mpya na kuutazama juu na chini.

"Mama Fagio, huu ni ufagio au mswaki?"

"Ni ufagio, dada yangu."

"Mbona unaishia hapa? Uliopita nimefagilia nimeinama mpaka kiuno kikagoma kurudi."

Watu wakacheka. Mama Fagio naye akacheka, lakini uso ulimwaka moto. Alirudi nyumbani na mzigo karibu wote.

Jioni hiyo Dereva aliingia akipiga mluzi.

"Leteni maji ninawe, leo nina habari," alisema. "Ushirika umenipa kazi ya msimu mzima. Tunafungua sehemu ya juu ya mbuga, mpaka kwenye mawe."

Mama Fagio aliweka birika chini. "Mpaka kwenye mawe?"

"Mpaka kwenye mawe. Kesho naanza."

"Kwa hiyo kesho unalima fagio zangu."

"Mke wangu, zile ni nyasi tu. Zitaota kwingine."

"Kwingine wapi, Baba? Nioneshe niende."

Dereva alijimiminia maji ya kunawa mwenyewe. Mama mkwe aliangalia huku na huku, akajisogezea sahani yake. "Mimi nakula," alisema. "Mkimaliza kugombana mtanikuta hapa."

Dereva alianza kulima asubuhi yake. Akalima kutoka mawe mpaka chini, juu kwenda chini, mistari imenyooka kama kawaida yake. Wakulima walisimama pembeni wakimsifu. Mama Fagio hakwenda kutazama. Alisikia mngurumo tu, na kila trekta lilipogeuka, naye aligeuza uso.

Kabla wiki haijaisha, mvua ilinyesha.

Ilikuwa mchana. Mvua ilianza kwa matone makubwa, kisha ikamwagika. Mama Fagio alikuwa anaingiza nyasi ndani aliposikia mlio mwingine, mzito, kutoka nyuma ya nyumba. Alichungulia dirishani. Maji mekundu yalikuwa yanashuka kutoka mbugani. Yalifuata mistari ya trekta kana kwamba ni mabomba. Yalipofika chini yaliungana, yakaruka uzio.

"Mama, panda kitandani!" alipiga kelele.

Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma na kutokea kwa mlango wa mbele. Yalibeba viatu, yakabeba sufuria, yakabeba fagio zote zilizopangwa ukutani. Mama mkwe alisimama juu ya kitanda ameshika redio yake, akiitazama ndara moja ikizunguka chumbani. "Mgeni huyu hakupiga hodi," alisema.

Mvua ilipopungua, wakasikia kelele nje. Mzee Pembe, jirani yao mfugaji, alikuwa anakimbia na kamba mkononi. Mfereji mdogo uliokuwa ukipita kando ya nyumba zao ulikuwa umekuwa korongo. Ng'ombe wake mmoja, mwenye mimba, alikuwa ametumbukia. Tope lilimfika tumboni, na kingo za korongo ziliendelea kubomoka.

Dereva alikimbilia trekta. Mama Fagio hakufikiri mara mbili. Alishuka ndani ya korongo, tope likamfika mapajani, akapitisha magunia na kamba chini ya tumbo la ng'ombe. Ng'ombe alimtazama kwa macho makubwa. "Tulia, mama mwenzangu," alimwambia. "Tunatoka wote." Juu, Mzee Pembe alifunga kamba kwenye trekta. Dereva akavuta polepole, huku watu wakisukuma kutoka nyuma. Tope likalia kama linabusu. Ng'ombe akatoka, akasimama, akajitikisa, akawachafua wote waliomwokoa.

Watu walishangilia. Lakini furaha haikukaa.

"Hili ni trekta lako limefanya," Mzee Pembe alimwambia Dereva, bado anahema.

"Trekta langu? Ng'ombe wako wamekula mbuga mpaka ikabaki kipara."

"Na moto je? Ng'ombe wangu wanabeba kiberiti?"

Mama Fagio alijipangusa tope usoni. "Mtalaumiana mpaka mvua nyingine ije itubebe na vitanda."

Mzee Pembe alishusha sauti. Alisema kwamba alikuwa amemwita afisa wa malisho, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wanakonda. Afisa huyo angefika kesho yake. "Tumsikilize," alisema. "Hana ng'ombe hapa, hana trekta."

Afisa alifika asubuhi, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mpira, sepetu begani. Watu walimwita Bibi Malisho, ingawa alikuwa bado kijana. Alizunguka mbugani na wenyeji nyuma yake. Mara kwa mara aliinama, akagusa ardhi, akanusa.

"Kuna mahali popote hapa nyasi bado zimeshonana?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Mzee Pembe alitikisa kichwa.

"Lipo jalala letu," mama mkwe alisema.

Wakadhani anatania. Lakini Bibi Malisho alimfuata mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kona ya uzio. Hapo, kando ya jalala, nyasi zilisimama nene na za kijani, zimepita urefu wa uzio. Bibi Malisho alicheka kwa furaha. "Ni nani aliyepanda hizi?"

"Hakuna aliyepanda," Mama Fagio alisema. "Ni mahali ninapotupa uchafu wa nyasi zangu."

"Uchafu gani?"

"Yale makapi yanayodondoka nikipiga fungu kwenye gogo."

"Dada, hayo si makapi. Hizo ni mbegu."

Mama Fagio alitazama nyasi, akatazama mbuga iliyo wazi, akatazama tena nyasi. Miaka yote hiyo alikuwa anabeba mbegu za mbuga nzima na kuzimwaga kona moja.

Bibi Malisho alichimba bonge la udongo chini ya zile nyasi. Mizizi myembamba ilining'inia kama nyuzi. Kisha alimtuma Dereva alete bonge jingine kutoka shamba alilolima siku nyingi. Akaomba glasi mbili za maji. Mama mkwe alileta zile za wageni.

"Tazameni kwa makini," Bibi Malisho alisema, akaweka kila bonge kwenye glasi yake.

Bonge la shambani lilianza kutoa mapovu. Likapasuka pembeni. Likamomonyoka, likadondoka chini ya glasi kama uji, na maji yakawa mekundu. Bonge la nyasi lilikaa vile vile. Maji yake yalibaki meupe. Watu walisogeza vichwa mpaka vikagongana.

"Limekataa," Dereva alisema kwa sauti ya chini. "Limekataa kuyeyuka."

"Mizizi imelishika," Bibi Malisho alieleza. "Mizizi na vile vijidudu vidogo vinavyoishi nayo hugandisha udongo. Pia huacha matundu ambayo maji hupita kwenda chini. Nyasi za juu mnaziona. Lakini sehemu kubwa ya mbuga iko chini ya ardhi. Ukiiondoa hiyo, mvua haina pa kuingia. Inakimbia, na inakimbia na udongo."

"Kwa hiyo ni kulima," Mzee Pembe alisema haraka.

"Ni kulima mteremko kutoka juu kwenda chini. Na ni mifugo kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Nyasi inayoliwa kila siku haipati nafasi ya kulisha mizizi yake. Na ni moto wa kila kiangazi, unaoacha ardhi uchi mvua zikifika. Na ni kung'oa badala ya kukata."

Mama Fagio aliangalia viganja vyake.

"Basi wote tumo," mama mkwe alisema. "Mimi peke yangu ndiye sina kosa."

"Na wewe, Mama, ndiye unayenituma kutupa makapi," mkwewe alimjibu, na watu wakaangua kicheko.

Kabla kicheko hakijaisha, Mama Fagio alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka akiburuta gunia la makapi yasiyotupwa bado, lililonusurika na mafuriko kwa kuwa lilikuwa juu ya dari. Alilifungua, akachota mkono mzima.

"Na hizi? Zitaota?"

Bibi Malisho alizisugua kiganjani, akapuliza maganda, akatazama zilizobaki. "Hizi? Zina haraka kuliko wewe."

Moyo wa Mama Fagio ulidunda kama wa msichana.

Sasa kazi ngumu ilikuwa ya Dereva. Alikwenda kwenye mkutano wa ushirika akiwa na glasi mbili na mabonge mawili ndani ya mfuko. Aliyaweka mabonge majini, akangoja. Wakulima walitazama bonge moja likibomoka na jingine likikaa.

"Tumeona," mwenyekiti alisema. "Na sisi tule nini? Glasi?"

"Tulime mashamba ya chini tuliyo nayo," Dereva alijibu. "Nitayalima kwa kukingama mteremko, kila mstari uwe ukuta mdogo wa maji. Huko juu tuache nyasi. Ndugu zangu, mimi nimelima hapa miaka mingi, na udongo mnaoutafuta shambani najua uliko. Uko chumbani kwangu. Jana nimeulalia."

Walicheka, lakini walielewa. Baada ya maneno mengi wakakubali kujaribu msimu mmoja.

Kazi ikaanza, na mtaa mzima ukachangamka. Bibi Malisho aliwafundisha kutengeneza kipimo. Unafunga vijiti viwili kwa juu, unavitanua miguu, unaweka cha tatu katikati kuvishika. Kutoka juu unaning'iniza kamba yenye jiwe. Kamba ikisimama katikati ya kile kijiti cha tatu, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unaweka alama, unageuza, unasonga mbele. Ukifuata alama hizo, unapata mstari unaozunguka mteremko bila kupanda wala kushuka.

Mstari haukunyooka. Ulijipinda huku na kule kufuata umbo la ardhi. Hilo lilimuuma Dereva. "Watu watasema nimelewa," alinung'unika akiwa juu ya trekta.

"Waseme," mkewe alimjibu. "Bora mstari uliolewa kuliko nyumba iliyozama."

Dereva alichimba mifereji kwenye alama zile, udongo ukawekwa upande wa chini kuwa tuta. Kwenye korongo walipanga mawe kukatiza njia ya maji, safu baada ya safu. Mama Fagio na wanawake wengine walikwaruza ardhi ngumu kwa majembe, wakamwaga mbegu, wakazifunika kwa matawi makavu. Pembeni mwa mbuga walifyeka ukanda mpana ili moto usivuke, wakakubaliana kwamba hakuna atakayewasha tena.

Mzee Pembe ndiye aliyekuwa mgumu. Alitakiwa kugawa malisho vipande, ng'ombe wale kipande kimoja huku vingine vikipumzika.

"Ng'ombe wangu hawajazoea kupangiwa," alisema.

"Hata wewe hukuwa umezoea kuoa," mama mkwe alimwambia. "Ukazoea."

Mzee Pembe akazoea.

Kisha wakangoja mvua. Haijawahi kungojwa hivyo. Kila wingu lilitazamwa, likajadiliwa, likapita. Hatimaye, alasiri moja, mbingu ikawa nyeusi kutoka upande wa mawe, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Badala ya kukimbilia ndani, watu walikimbilia nje. Walipanda mbugani wakiwa wamejifunika magunia na mabeseni, kama wanaokwenda kumpokea mgeni mkubwa.

Maji yalishuka, yakafika kwenye tuta la kwanza, yakasimama. Mfereji ukajaa. Maji yalitulia, kisha yakaanza kuzama ardhini.

"Yananywewa," Dereva alinong'ona. "Ardhi inakunywa."

Ndipo sauti ya Mzee Pembe ikasikika. "Huku! Linavunjika huku!"

Tuta la pili lilikuwa na mahali palipolegea. Maji yalikuwa yamepata upenyo, na upenyo ulikuwa unapanuka mbele ya macho yao. Dereva alirukia pale na sepetu, lakini kila udongo aliotupa ulichukuliwa. Mama Fagio alitazama kushoto na kulia. Hakukuwa na jiwe karibu. Aligeuka akateremka mbio mpaka nyumbani, akateleza, akainuka. Alirudi na fagio begani, mzigo mzima alioutengeneza kwa zile nyasi za jalalani, wa soko la kesho.

"Mke wangu, hizo ni za kuuza."

"Shika hapa, acha maneno."

Walizisukumiza kwenye upenyo, vichwa mbele, fungu juu ya fungu. Mzee Pembe alikaa juu yake kwa uzito wake wote, maji yakimpiga mgongoni, huku Dereva akishindilia tope. Upenyo ukapungua. Ukawa kijito. Ukaziba. Mzee Pembe alikataa kuinuka mpaka mvua ilipokatika. "Nikitoka na tuta likatoka, mtasema ng'ombe wangu," alieleza.

Waliposhuka nyumbani, wote walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Maji kidogo tu yalikuwa yanapita kando ya uzio. Mama Fagio alichota kiganja, akawaonesha. Yalikuwa maji. Hayakuwa uji.

Msimu ule nyasi ziliota chache, vichipukizi vyembamba kama nywele za mtoto. Wengine walikata tamaa. Bibi Malisho aliwaambia kwamba nyasi za kudumu huanza kwa kujenga mizizi, wasiziguse, wazipe msimu mwingine. Mama Fagio alishona magunia ili ajikimu, na kila asubuhi alipanda kuzitazama. Zilipofika kifundoni alimwita mumewe aje aone. Zilipofika gotini alimwita tena.

Msimu wa pili mbuga ilijifunika nyasi. Mashamba ya chini yalishika maji, na mwenyekiti wa ushirika akaacha kuulizia sehemu ya juu. Ng'ombe wa Mzee Pembe walinenepa, na yule aliyetolewa korongoni akanyonyesha ndama mwenye makelele. Korongo lilijaa udongo nyuma ya mawe, na nyasi zikaota humo pia.

Siku ya kukata ilipofika, Bibi Malisho alikuja, na wanawake wa mtaa walijipanga na miundu yao. Walikuwa wamekubaliana kukata juu ya kishina, kuacha mizizi, kuacha pia mistari mizima isiyokatwa. Na mbegu zingepigwa huko huko mbugani, zidondoke zilikotoka. Mama Fagio aliingia wa kwanza. Nyasi zilimfika kifuani, kisha mabegani. Alikamata fungu, likajaa mkono, akakata. Alitaka kusema kitu, lakini alijikuta anacheka tu.

Ghafla Dereva aliangaza huku na kule. "Mama yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa ameingia nyuma yao na fimbo yake, na sasa hakuonekana. Waliita. Waliita tena. Mbali kidogo, nyasi zikatikisika, mbegu zikaruka juu, na sauti ikatoka humo ndani.

"Msinitafute. Niko hapa, napotea kwa raha zangu."